Ujirani na Kujuana

Juma lililopita tulizungumza juu ya kuhifadhi mahindi yasipekechwe na fukusi, na barua za kuuliza zaidi zingali zinafika. Nitazijibu. Leo, hata hivyo, naomba tuyaweke mahindi kando, kwa kuwa imenifikia barua moja ambayo nimeisoma mara tatu na bado haitaki kulala ndani ya bahasha yake.

Imeandikwa na mama mmoja akaaye Walukuba, Jinja. Jina lake ninalo, naye ameomba lisitajwe. Alihamia huko pamoja na mumewe miaka mitatu iliyopita wakitokea upande wa Mbale, mume akiwa amepata kazi kiwandani. Wana watoto wanne. Mshahara ni mmoja, na yeye mwenyewe huuza nyanya na vitunguu mbele ya nyumba. Anaeleza kwamba nyumbani mwao mna ugomvi usio na kelele, kwa sababu fedha kidogo inayobaki mwisho wa mwezi inadaiwa na milango miwili. Mlango wa kwanza ni kikundi cha mtaa cha kusaidiana wakati wa msiba, ambacho yeye amejiandikisha: shilingi 3,000 kila mwezi, pamoja na zamu ya kupika na kuteka maji kila panapotokea kifo. Mlango wa pili ni chama cha mumewe, ambacho hukutana hotelini mjini kila baada ya majuma mawili: pana kiingilio, pana vinywaji, na pana ahadi za kuchangia harusi za watu ambao mama huyu hajapata kuwaona kwa macho. "Baba watoto asema huko ndiko waliko watu," anaandika, "na kwamba watoto wetu wakimaliza shule ni wale watakaowapa kazi, si hawa wa kumenya viazi msibani. Nifanye nini, dada? Nikiache kikundi?"

Dada yangu, swali lako si la nyumba moja. Nimefanya kazi ya serikali Mbale kabla sijahamishiwa Jinja, na katika miji yote miwili nimewasikia watu wazima, wenye akili zao, wakiuliza hilo hilo kwa maneno mengine. Kwa hiyo nakujibu hapa mbele ya wote, nawe unisamehe ikiwa jibu litachukua njia ndefu.

Tuanze na maneno, maana nilisomea ualimu kabla ya kuingia ofisini, na mwalimu haachi kuuliza neno lina maana gani. Katika Kiswahili chetu tunalo neno "kujuana". Kwa asili yake ni neno jema; watu wakijuana hawapigani kwa urahisi. Lakini sote twafahamu limekwisha kupata maana ya pili isiyo njema sana. Mtu akisema, "kazi ile ilitolewa kwa kujuana," hakuna anayefikiri kwamba waliopewa walijuliana hali. Maana yake ni kwamba waliofaulu mtihani waliachwa nje, na akaingia aliyekuwa na mtu ndani. Hapa Uganda wasemao Kiingereza wana mzaha wao kwamba kinachohitajika si kujua kazi bali kumjua mtu. Siku hizi, hata hivyo, jambo lilo hilo limevishwa suti na tai. Linaitwa kujenga mtandao. Vijana hufundishwa katika semina jinsi ya kusalimu, jinsi ya kutoa kadi yenye namba ya simu, na jinsi ya kumkumbusha mkubwa kwamba mlipata kuonana.

Sasa mtandao ni nini? Wavuvi wa Masese, pale pwani ya ziwa, wangeweza kutujibu. Wavu hutandwa majini ili kunasa. Anayeutanda hawezi kulaumiwa, kwa kuwa ana watoto wa kulisha. Lakini hakuna mvuvi aliyewahi kumwuliza sangara habari za nyumbani.

Ujirani ni neno la namna nyingine kabisa. Jirani hachaguliwi. Mmewekwa pamoja na ukuta, au na kisima, au na njia ya kwenda sokoni, na huyo mwenzako huenda ni wa kabila nyingine, wa dini nyingine, ana redio yenye kelele na kuku wasiojua mipaka. Katika kujuana mimi namchagua mtu kwa kile alicho nacho. Katika ujirani sina hiari, nami nalazimika kumfanyia haki mtu ambaye pengine simpendi. Hapo ndipo kazi ilipo, na ndiyo sababu wengi huikimbia.

Ndugu msomaji asiyetoka sehemu zetu huenda hajui vikundi hivi vya misiba. Hapa Jinja, na katika sehemu nyingi za kusini ya Uganda, huitwa kwa jina la Kiganda, "munno mukabi", yaani mwenzako katika hatari. Waswahili wana methali yao isemayo akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Jina la Kiganda limeifupisha methali hiyo likaifanya kuwa chama. Utaratibu wake hautofautiani sana kutoka mtaa hadi mtaa. Pana mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Pana daftari. Pana masufuria makubwa, sahani, viti na turubai, vyote vikiwa mali ya kikundi, ambavyo huazimwa bure kwa mwanachama aliyefiwa, na wengine hukodisha. Kifo kinapotokea, habari hupita nyumba hadi nyumba. Hawa huchanga fedha ya sanda na jeneza, hawa huleta kuni, hawa huteka maji, na vijana huchimba kaburi au, ikiwa marehemu atazikwa kwao mbali, hutafuta gari.

Mchango wenyewe huitwa "mabugo", na jina hilo lina historia. Mabugo ni nguo za magome ya mti wa mutuba, ambazo zamani watu walizipeleka msibani ili maiti avikwe. Ufundi wa kutengeneza nguo hizo ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa urithi wa dunia nzima. Leo wengi hupeleka noti badala ya nguo, lakini jina halikubadilika. Napenda kufikiri kwamba halikubadilika kwa sababu watu walijua kwamba kinachopelekwa si fedha, bali ni kitu cha kumfunika mwenzako.

Na hapa pana sheria moja ambayo mgeni huishangaa. Katika vikundi vingi, mtu akileta mchango wake lakini asionekane mwenyewe, hutozwa faini. Akizidi kutoonekana, siku yake ikifika watu hufika pia, hukaa kwenye mikeka kwa adabu, na hawashiki jembe. Nilipata kuuliza, katika msiba mmoja hapa Jinja, kwa nini sheria iwe kali namna hiyo ilhali fedha imelipwa. Mzee mmoja aliyekuwa akipanga kuni alinijibu pasipo kuinua kichwa: "Mwanangu, fedha haichimbi." Nikamwambia, "Lakini mzee, fedha huajiri wachimbaji." Akasema, "Huajiri, ndiyo. Halafu nani atakaa na mjane usiku?"

Sikuwa na neno la kuongeza.

Yafaa tukumbuke jinsi mitaa kama Walukuba ilivyozaliwa. Bwawa la Owen Falls, ambalo sasa twaliita Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954, na kwa umeme wake viwanda vikaota Jinja kama uyoga baada ya mvua: kiwanda cha nguo cha Nyanza, kiwanda cha shaba, cha bia. Watu walikuja kutoka kila upande. Walikuja Wasoga wenyewe, Wagisu, Wateso, Wasamia, Wapadhola, Wajaluo kutoka ng'ambo ya mpaka wa Kenya, na wengine kutoka kaskazini. Serikali ya kikoloni ikawajengea nyumba ndogo zilizopangwa kwa mistari. Katika nyumba hizo hapakuwa na ukoo. Shangazi alikuwa mbali, mjomba alikuwa mbali, na yule ambaye kwa desturi ndiye mwenye haki ya kuosha maiti alikuwa mwendo wa siku mbili. Lugha iliyowawezesha kusemezana kisimani, aghalabu, ilikuwa Kiswahili hiki hiki tuandikacho. Basi watu wasio na ukoo hawakuwa na budi kujitengenezea kitu cha kushika mahali pa ukoo. Wengine waliunda vyama vya watu wa kabila moja. Wengine, kwa kuwa aliye karibu ndiye afikaye kwanza, walishika mtaa.

Kisha ukaja mwaka 1972. Mwezi wa Agosti Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke nchini, akawapa siku 90. Viwanda na maduka yaligawiwa watu wengine, na ni hapo hasa kujuana kulipopata siku yake ya sherehe: aliyemjua mwanajeshi alipata duka. Wengi wa waliopewa hawakuujua ufundi wa biashara. Walipouza bidhaa zilizokuwemo hawakuweza kuleta nyingine, na miaka haikuwa mingi kabla mashine nyingi hazijanyamaza. Wafanyakazi hawakuwa na bwana wa kumlilia, kwa sababu bwana alikuwa amebadilika mara tatu. Kilichobaki ni mstari wa nyumba na watu waliokaa ndani yake. Sidai kwamba walishiba. Nasema tu kwamba kilichokuwapo cha kugawana kiligawanywa na wale waliokuwa upande wa pili wa ukuta.

Nami niliona jambo la namna hii kwa macho yangu, si katika Jinja bali Mbale, usiku wa tarehe 30 kuamkia 31 Julai mwaka 2022. Mvua ilinyesha kwa nguvu, mito ya Nabuyonga na Namatala ikafurika, na watu zaidi ya 20 walipoteza maisha. Mabomba ya maji yalivunjwa na mafuriko, hata mji ukakosa maji safi kwa siku kadhaa. Akina mama wenzangu mnajua maana yake: nyumba yenye watoto, tope hadi kwenye godoro, na hakuna tone la maji ya kuchemsha. Serikali ilifika, na mashirika yalifika, nami nikiwa mtumishi wa serikali sitayapunguza yaliyofanywa. Lakini asubuhi ile ya kwanza, kabla gari lolote halijapita, waliovuta watu kutoka majini walikuwa ni wale wale waliozoeana kugombana juu ya mfereji. Katika mtaa niliokaa, hajati mmoja mwenye kisima uani alifungua lango lake tangu alfajiri, akaweka kiti, akakaa hapo akihesabu ndoo ili kila nyumba ipate mbili kabla yeyote hajapata ya tatu. Alikuwa mkali kama karani wa forodha. Katika foleni ile alikuwamo bwana mmoja mwenye cheo kikubwa, ambaye simu yake ilikuwa na majina ya watu wote wa maana wa wilaya. Alipata ndoo mbili.

Sasa tusije tukasema kana kwamba ujirani ni asali tupu. Mama wa Walukuba anajua, na mimi najua, kwamba mtaa ni mkali. Mtaa hukumbuka deni lako la miaka mitano, hujua ulichopika, humtilia mashaka mwanamke asiye na mume, na mara nyingine humtupia maneno ya uchawi mzee ambaye kosa lake ni kuishi siku nyingi. Kikundi cha misiba chaweza pia kuwa mzigo: mwezi wenye vifo vinne humaliza unga wa mtu maskini, na asiyeweza kulipa hufutwa katika daftari wakati ule ule anapokihitaji kikundi kuliko wote. Nimeona jambo hilo, na halikunipendeza. Kikundi kisicho na njia ya kumsamehe mjane mchango wa miezi miwili, kwa kweli kimekwisha kuwa kampuni ya bima, tena ndogo.

Na pana jambo zito zaidi. Tarehe 1 Machi mwaka 2010, mlima uliporomoka Nametsi, wilayani Bududa, kwenye mteremko wa Mlima Elgon, ukafunika kituo cha biashara na zahanati ambamo watu walikuwa wamejikinga na mvua. Mamia ya watu walifariki au hawakuonekana tena. Serikali ilizihamisha mamia ya kaya hadi Kiryandongo, upande wa magharibi, kwenye ardhi tambarare isiyoporomoka. Je, ilikuwaje? Baadhi walikaa wakajenga maisha mapya. Wengine walirudi mlimani. Mtu aliye ofisini hukasirika akisikia hivyo. Huuliza, watu hawa wana akili gani? Lakini ukikaa nao watakutajia kahawa, migomba, makaburi ya wazazi, na tohara za wana wao. Kwa Wagisu kijana hutahiriwa hadharani katika mwaka unaogawanyika kwa mbili, na waliotahiriwa mwaka mmoja huwa marika moja mpaka kufa. Utamhamishaje mtu na marika yake? Kaya zinaweza kupakiwa katika magari. Mpango wa nani humwita nani usiku haupakiki. Nadhani kwamba ujirani uliwavuta watu wale kurudi mahali pa hatari, na kwamba mtu mwenye hekima angepaswa kuwahamisha kijiji kwa kijiji, jirani pamoja na jirani, badala ya kuwatawanya kwa orodha. Tangu mwaka 2019 wengine wamepelekwa Bunambutye katika wilaya ya Bulambuli, ambako angalau mlima wao wanauona.

Kujuana nako kuna faida yake, nami nisipoisema nitakuwa nimewadanganya wasomaji. Mwaka 1973 mtaalamu mmoja wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha makala iliyosomwa sana duniani. Aliwauliza watu walivyozipata kazi zao, akaona kwamba wengi waliopata kwa njia ya watu hawakupashwa habari na rafiki wa ndani, bali na mtu waliyejuana naye kwa mbali, ambaye huonana nao mara chache. Ukifikiri utaona sababu: rafiki wa ndani anajua yale yale unayoyajua wewe. Habari mpya hutoka mbali. Kwa hiyo mume wa mwandishi wetu hasemi uongo mtupu anaposema kwamba hotelini kuna faida. Kosa ni kudhani kwamba mtu aliyekuletea habari ya kazi atakuletea pia uji ukiugua.

Mfano ulio bora zaidi wa mambo haya mawili kusaidiana uko hapa hapa, nje kidogo ya Mbale. Katika vilima hivyo wanaishi Abayudaya, Wayahudi wa Uganda, ambao imani yao ilianza mwaka 1919 wakati Semei Kakungulu, mkuu aliyekuwa ameujenga mji wa Mbale, alipoifuata dini hiyo pamoja na watu wake. Majirani zao ni Wakristo na Waislamu. Wote ni wakulima wa kahawa. Mmoja wa Abayudaya, J. J. Keki, mkulima na mwanamuziki, alikuwa New York siku ile ya Septemba 11 mwaka 2001 majengo makubwa yaliposhambuliwa, naye alikuwa njiani kwenda kuyatembelea. Aliporudi nyumbani alianza kufikiri juu ya dini na amani; na mwaka 2004 alipita nyumba kwa nyumba kwa majirani wa dini zote tatu akiwaomba waunganishe kahawa yao. Ndivyo kilivyoanza chama cha ushirika kiitwacho Peace Kawomera, jina ambalo nusu yake ni Kiingereza na nusu Kiganda, maana yake amani tamu. Uongozi ukagawanywa baina ya dini zote tatu. Kisha, kwa njia ya marafiki wa Abayudaya huko Marekani, walimpata mnunuzi, kampuni ya kahawa ya California, aliyekubali kuwalipa bei ya haki.

Hebu tuangalie mpangilio wa kisa hiki. Marafiki wa Marekani ni kujuana, tena kujuana kwa mbali sana, nako kulileta soko. Lakini soko lilikuta nini? Lilikuta watu waliokwisha kukubali kupima kahawa yao katika mizani moja. Lau Bwana Keki angeenda na anwani ya mnunuzi mfukoni pasipo kubisha milango ya majirani, angekuwa mchuuzi mmoja zaidi miongoni mwa wachuuzi. Na wazee wa Bugisu hawakuhitaji kufundishwa jambo hilo upya. Umoja wao wa ushirika wa kahawa, Bugisu Co-operative Union, uliundwa mwaka 1954, mwaka ule ule wa bwawa la Jinja, na ulisimama juu ya vyama vidogo vya msingi vya vijijini, ambavyo wanachama wake walijuana hadi kwenye mipaka ya migomba. Umoja huo umepita katika mabonde mengi tangu wakati huo, na habari zake zingetaka ukurasa wake wenyewe.

Juu ya simu za mkononi sitasema mengi. Makundi ya WhatsApp ni kitu cha manufaa. Habari ya msiba iliyochukua siku mbili sasa huchukua dakika mbili. Ila nimeona kundi lenye watu 80, ambalo 74 waliandika "pole sana" kabla chai haijapoa, na kaburini tukawa sita. Katibu wa kikundi chetu, mama mwenye ucheshi, sasa huandika chini ya kila tangazo: "Pole zipokelewe kwa jembe."

Basi, mama wa Walukuba, nakuja kwako. Usikiache kikundi. Wewe na mumeo ni wageni Jinja. Ukoo wenu uko mbali, ng'ambo ya Iganga na Tirinyi, na siku ya shida, Mungu aiweke mbali, atakayefika kabla ya ukoo ni yule amenyaye viazi. Shilingi 3,000 hizo, pamoja na zamu zako za maji, ndizo kitu pekee katika Jinja kinachowafanya ninyi kuwa wa mahali fulani. Lakini uliza kikundi maswali pia. Uliza daftari husomwa mbele ya watu mara ngapi kwa mwaka, na fedha huwekwa wapi. Mweka hazina mwema hakasiriki akiulizwa. Uliza mwanachama aliyeugua hufanyiwaje. Kama hakuna sheria juu ya hilo, wewe uwe wa kuipendekeza, kwa upole, baada ya mkutano wa pili au wa tatu.

Kuhusu mumeo, usimwambie aache chama chake. Mwanamume aliyehama huona haya kuonekana hana watu, na kumwambia avunje chama ni kumwambia avunjike. Mwombe mambo mawili tu. Kwanza, ahadi za harusi ziwe na mpaka, kiasi mlichokubaliana ninyi wawili chumbani kabla hajatoka, si kile atakachotamka chupa zikiwa mezani na mshereheshaji akimtaja kwa jina. Wengi hupandisha ahadi kwa sababu ya kushangiliwa, kisha watoto hurudishwa nyumbani kwa karo. Pili, mwombe afike nawe katika msiba mmoja wa mtaa, mmoja tu, avue koti ashike jembe. Usimhubirie njiani. Wanaume huzungumza vizuri zaidi wakiwa shimoni kuliko wakiwa hotelini, nami namfahamu kijana mmoja hapa Jinja aliyepata habari ya nafasi ya ufundi wa umeme kutoka kwa mtu aliyempokeza sepetu. Hakuwa amekwenda kutafuta kazi.

Na ikiwa hata baada ya hayo fedha haitoshi kwa milango yote miwili, kata kiingilio cha hoteli kwanza. Mtu wa maana aliyempenda mumeo kwa utu wake atamsalimu hata akikutana naye barabarani.

Ninayo haja na wasomaji wengine pia, hasa wa Mbale. Mji umekua, tangu Julai mwaka 2020 Mbale na Jinja zote mbili ni majiji, na wapangaji huja na kuondoka kila baada ya miezi michache. Vikundi vingi vya zamani havijui la kufanya nao: wakiwaandikisha, huhama na deni, wasipowaandikisha, hufa wageni karibu na mlango wao. Akina mama wenye vikundi vilivyopata njia, tafadhali niandikieni mnavyowapokea wapangaji wapya, mnadai kiingilio gani, na mnafanya nini mtu akihama katikati ya mwaka. Andikeni kwa mwandiko unaosomeka, na msisahau kutaja mtaa. Barua za mahindi zitajibiwa juma lijalo.